Nyuso Kumi na Nne za Mama Orpha

Uso wa Mama Orpha niliuchonga mimi, kwa mikono yangu, na hakuna aliyenilazimisha. Nasema hivi mapema kwa sababu watu wa kanisani kwetu wana tabia ya kumtafutia mkosaji shetani wa kumsaidia kubeba mzigo. Shetani yumo kweli katika habari hii, lakini na yeye nilimchonga mimi. Ana pembe mbili fupi na mkono mrefu, na kwa mkono huo amemshika Mama Orpha ulimi, anauvuta mpaka chini ya kidevu.

Kazi yangu ni plasta na sanamu. Nilijifunza Bukavu kwa mapadri, nikiwa kijana, tukimimina Bikira Maria wa jasi kwa dazeni. Nilipofika Johannesburg, miaka kumi na sita iliyopita, nikakuta hapa wakubwa hawataki Bikira Maria, wanataka nguzo. Ukipita Midrand ukaona nyumba yenye nguzo nne za Kigiriki mlangoni na gari mbili za Kijerumani uani, nguzo huenda ni zangu.

Halafu akatokea tajiri mmoja wa huko huko Midrand aliyetaka ukumbi wa harusi usio na mfano wake kati ya Johannesburg na Pretoria. Alikuwa amekwenda Ubelgiji, akaliona jengo la manispaa ya mji wa Louvain, akarudi na picha mia mbili kwenye simu. Kazi ya kuchora akampa Lerato, msanifu majengo. Baba yake Lerato alikuwa mkimbizi wa enzi za ubaguzi, akaoa Mluguru huko Morogoro, na Lerato alizaliwa huko kabla hawajarudi. Kwa hiyo ana Kiswahili cha Morogoro, chenye adabu nyingi, mpaka umkasirishe.

Siku ya kwanza alitandaza picha kwenye meza.

"Watu wengi wakiona minara hii sita wanadhani ni kanisa, Fundi. Si kanisa. Ni ofisi ya mji. Wenyeji walitaka kuwapiku jirani zao wa Brussels, basi. Walianza mwaka 1439. Fundi mkuu wa kwanza akafa, wa pili naye akafa, wa tatu ndiye aliyemaliza, miaka thelathini baadaye."

"Na bosi wetu anataka lini?"

"Desemba."

Tulicheka wote wawili. Akanionyesha jinsi ukuta wote ulivyojaa vishubaka, safu juu ya safu, na katika kila kishubaka sanamu ya mtu. Chini ya miguu ya kila sanamu kuna jiwe limejitokeza kuibeba. Sisi kazini tuliliita kibago.

"Sasa sikia ajabu," alisema. "Vishubaka hivi vilikaa vitupu karibu miaka mia nne. Sanamu zililetwa juzi juzi, karne ya kumi na tisa. Lakini vibago vilichongwa tangu mwanzo. Na unajua vimechongwa nini? Visa vya Biblia. Dhambi na adhabu zake. Kwa miaka mia nne watu wa mji ule walipita chini ya dhambi ambazo hazikuwa na mtakatifu juu yake."

Nikamwambia mapema kwamba kama orodha ya bosi ina yule mfalme wa Wabelgiji aliyewakata mababu zetu mikono, atafute fundi mwingine. Lerato akasema bosi anataka manabii na mitume tu, kwa sababu wateja wa harusi ni watu wa makanisa. Safu ya chini, kwenye ukuta wa ndani wa ukumbi, ingekuwa na vishubaka kumi na vinne, na vibago vyake vingekaa juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima. "Dhambi ziwe karibu na macho," alisema, "watakatifu wawe karibu na mbingu. Ndivyo walivyopanga wale wazee." Jambo hilo lilinipendeza kupita kiasi, na nitaeleza kwa nini.

Wiki hizo hizo kanisa letu la Troyeville lilikuwa limenikalisha benchi la nyuma. Kwetu mtu akikosa, wazee wa kanisa humweka pembeni: miezi mitatu hashiriki Meza ya Bwana, haimbi, na anakaa benchi la mwisho karibu na mlango wa choo, ambapo kila mtoto anayepita anamtazama. Mimi ni sauti ya chini ya kwaya. Kosa langu lilikuwa pombe. Sikatai, nilikuwa nakunywa kule Hillbrow na wenzangu kila Ijumaa, na Ijumaa nyingine zilianza Jumatano. Lakini nilijificha vizuri, kwa hiyo mtu alipeleka habari kwa mchungaji.

Nikaamua ni Mama Orpha. Kwa nini yeye? Kwa sababu ni jirani yetu wa ukuta mmoja, ni fundi wa kushona, cherehani yake iko dirishani, na dirisha linatazama geti letu. Mara mbili aliniona nikilipapasa geti kutafuta kitasa. Nilimwendea nikamuuliza uso kwa uso: "Mama Orpha, ni weye ulienda kwa mchungaji?" Alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini, akaniangalia, na hakusema ndiyo wala hapana. Nikaona hilo ndilo jibu. Ulimi hauna mfupa, nilijisemea, leo umeshindwa hata kujitetea.

Jumatatu yake nikashika udongo. Nilipaswa kutengeneza kibago cha msengenyaji, na mikono ilijua pa kwenda. Paji pana, mashavu yaliyoanza kulegea, kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Parfait, aliyekuwa akinichanganyia saruji, akapita akasema, "Eh! Si Mama Orpha huyu?" Nikaendelea kukanda. Jioni hiyo Parfait alipata kazi ya ulinzi Hillbrow, hakurudi tena. Kwa hiyo aliuona uso tu. Ulimi na shetani niliviongeza kesho yake.

Lerato alipokuja kukagua, alisimama mbele ya udongo ule muda mrefu.

"Hiki kina roho, Fundi. Vingine ulivyochonga ni vya duka, hiki kinaishi. Ni nani?"

"Mtu yeyote tu."

"Basi tutumie hiki. Toa kalibu, tumimine vyote kumi na vinne. Kule Louvain kila jiwe lilichongwa peke yake, lakini wao walikuwa na miaka thelathini."

Hapo ndipo ningeweza kusema. Ningesema uso huu haufai, nipe siku mbili nifanye mwingine. Sikusema. Nakiri, nilifurahi. Nilipaka mpira wa kalibu juu ya uso ule kwa brashi, tabaka kwa tabaka, nikiimba sauti ya chini niliyokatazwa kanisani. Hasira ya siku moja nikaimimina kwa saruji nyeupe mara kumi na nne, na kufika Desemba nyuso zote zilikuwa ukutani.

Nikamaliza adhabu, nikarudi kwaya, nikaacha pombe, nikasahau. Mchongaji husahau haraka kwa sababu kazi inabaki mbali na nyumba yake.

Mwaka huu, Jumapili moja ya Machi, baada ya ibada, Mama Orpha akanikumbatia uani mbele ya kanisa zima. Tangu siku ile ya pini tulikuwa tukisalimiana kwa kichwa tu.

"Placide! Kumbe weye ulinichonga na hukuniambia? Parfait ameniambia. Ati niko mu ukuta, kule Midrand, mu nyumba ya watakatifu!" Akawageukia akina mama. "Arlène wangu ataolewa pale pale. Nimekwisha kulipa. Mimi sina picha kubwa ya mama yangu, hata moja, vita ilichukua zote. Lakini bajukuu bangu batakuja kuniona mu ukuta, hata nikiwa kaburini."

Akina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji akanishika bega, akasema hivyo ndivyo moyo wa msamaha ulivyo, kwamba Placide alidhani dada huyu alimkosea na bado akampa heshima. Mimi nilitabasamu. Sijui tabasamu lile lilitoka wapi, na mpaka leo nikilikumbuka nataka kujipiga kofi.

Nyumbani nilimweleza Denise, mke wangu, yote, hadi shetani. Alikuwa anasonga bugali. Akaacha mwiko ndani ya sufuria, akazima jiko, akaniita kwa jina la mtoto wetu.

"Papa Cédric, ni miye nilienda kwa mchungaji."

Nikadhani sikusikia sawasawa.

"Ni miye. Ulikuwa unakufa mbele yangu, ningefanya nini? Nilimwambia Mama Orpha, nikalia kwake. Ulipoenda kumuuliza, alikuja kwangu jioni. Akasema, usimwambie bwana yako. Akijua ni weye, nyumba itaanguka. Acha anichukie miye, miye si bibi yake, chuki yake haitanilaza na njaa."

Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, lakini kwangu methali hiyo ilikaa kinyume. Aliyekuwa nguoni mwangu aliniokoa, na jirani akabeba lawama. Mtu aliyeweza kufunga mdomo wake kwa ajili ya ndoa yangu ndiye niliyemtoa ulimi nje mbele ya dunia, mara kumi na nne. Sikula siku hiyo. Niliona aibu hata ya kukaa meza moja na mke wangu.

Ningemwendea Mama Orpha hapo hapo, ni ukuta mmoja tu. Nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa anampima mteja. Mara ya pili alinionyesha gauni la Arlène, akaniuliza kama rangi inapatana na saruji yangu. Mara ya tatu nilisimama mlangoni nikamwambia nimekuja kuazima mkasi, na mkasi wake nikaenda nao nyumbani nikauweka juu ya kabati bila kazi yoyote. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili.

Alhamisi kabla ya harusi nilikwenda Midrand na tindo na nyundo mfukoni. Nilimkuta Lerato akikagua paa na watu wake. Nikamweleza nikitazama viatu vyangu.

"Nilikuuliza ni nani," alisema. "Ukaniambia mtu yeyote."

"Ndiyo, dada."

"Mtu yeyote! Eish, Fundi. Mimi nimewatembeza wageni hapa nikiwaambia angalieni, huyu ana roho. Kumbe nilikuwa namwanika mama wa watu."

"Naomba nivivunje leo."

"Huvunji kitu. Kila kibago kimebeba mtume wa kilo tisini. Ukikipiga tindo bila kumtegemeza, anakuja kukuangukia kichwani, na atakuwa na haki. Kimoja ni siku mbili, kwa kiunzi na watu. Harusi keshokutwa." Halafu adabu ya Morogoro ikamrudia kidogo. "Nenda kamwambie mwenyewe. Mimi nitampigia bosi vibago vibadilishwe baadaye, na kazi hiyo utaifanya bure."

"Nitaifanya bure."

"Sijakuuliza."

Jumamosi saa moja asubuhi nilikuwa pale kabla ya wapambaji. Mama Orpha alifika na gari la kukodi limejaa vitambaa vya satini nyeupe alivyoshona mwenyewe kwa ajili ya meza. Amevaa kitenge cha kazi, cha sherehe kiko kwenye mfuko. Alikuwa na furaha na uchovu pamoja.

"Arlène hajala tangu jana," aliniambia. "Walikuja hapa kufanya mazoezi ya kuingia, akarudi nyumbani kimya, akaenda kulala. Bibi arusi bote ni vile. Haya, nionyeshe. Niko wapi?"

Akainua uso juu, kwa watakatifu. Macho yake ya kushonea hayaoni mbali vizuri. Akaanza kutembea taratibu, shingo nyuma, mkono umeshika kilemba kisianguke. Petro, akasema, si mimi, ana ndevu. Huyu naye ana ndevu. Alipofika kishubaka cha tisa, cha nabii Debora, ambaye nilimtoa kwenye kitabu cha picha na hafanani na mtu yeyote, akapiga makofi.

"Huyu! Ni miye huyu! Aksanti, Placide, umenifanya kijana."

Sitamficha msomaji: nilifungua mdomo kusema ndiyo. Neno moja, na siku ingekuwa imepona. Debora asingekana. Lakini kichwa cha Mama Orpha kilikuwa chini ya kibago, na juu ya kilemba chake, shubiri moja tu, ulikuwepo uso wake mwenyewe ukitolewa ulimi. Mpiga picha angekuja saa sita na kumsimamisha hapo hapo.

"Si huyo, Mama," nilisema. "Teremsha macho."

Akateremsha. Niliona alipojikuta. Kwanza alitabasamu, kwa sababu kovu lake alilijua kabla ya kuona mengine. Halafu tabasamu likabaki pale bila mwenyewe. Akasogea cha kumi, akasogea cha kumi na moja. Alitembea safu nzima akigusa kila kidevu kwa kidole cha shahada, kile chenye ganda gumu la sindano, na mimi nyuma yake nikisema mambo yangu: kwamba nilidhani ni yeye, kwamba Denise ameniambia, kwamba nilikuja kwake mara tatu, kwamba mkasi wake uko kwangu. Maneno yalikuwa mengi na hayakuwa na maana yoyote. Nilitaka anipige. Nilitaka alie, nipate cha kufanya.

"Kumi na vinne," alisema mwishoni.

"Ni kalibu, Mama. Moja ndiyo inazaa vyote."

"Naelewa kalibu. Hata miye nina patroni." Akarudisha kidole juu ya nyusi. "Ulinichonga vizuri. Hata kovu. Ulikuwa unaniangalia sana, kumbe, huku unanichukia."

Nikapiga magoti sakafuni. Kwetu mtu akitubu hupiga magoti. Akanishika kola akaninyanyua, kwa nguvu ambayo sikuitegemea.

"Inuka. Leo sikusamehe. Leo sina nafasi, naozesha mtoto. Lete ngazi."

Nikaleta ngazi. Akazijaza pini mdomoni, akapanda. Nikashika ngazi, yeye akachukua satini ya meza na kuanza kufunika. Pini hazishiki saruji, kwa hiyo alikunja kitambaa nyuma ya kibago, akakizungusha, akakikaza na kukifunga fundo ambalo halionekani, juu akaacha mikunjo mitatu kama ya shela. Kibago baada ya kibago, alijifunika uso wake mwenyewe, kwa mikono yake, kwa kitambaa cha harusi ya bintiye, na mimi kazi yangu ilikuwa kushika ngazi na kusogeza. Hatukusema neno, yeye kwa sababu ya pini. Saa tatu wapambaji walipofika walisema, "Mama, wazo zuri hili!" na wakaongeza maua.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi maiti nilikuwa hai, nimevaa suti, nimekaa meza ya nne na mke wangu. Meza za satini zilipungua, akina mama wa kanisa wakala kwenye mbao tupu, na hakuna aliyeuliza.

Baada ya chakula msema chochote akachukua kipaza sauti. Alikuwa Parfait, nani mwingine? Akasema leo tumekaa ndani ya historia, na fundi wa historia hiyo ni ndugu yetu, basi atuelezee. Nikasimama. Nikawaeleza mwaka 1439, mafundi wawili waliokufa na wa tatu aliyemaliza, minara sita, na mji uliojenga ofisi nzuri kuliko makanisa yake ili kuwatambia jirani. Nikawaeleza vishubaka vilivyokaa vitupu miaka mia nne. Vibago nikaviruka. Watu wakapiga makofi, nikaanza kukaa.

"Sharp, ndugu, sharp," Parfait akasema. "Lakini usitukimbie! Uso wa Mama Orpha uko wapi? Wote tumekuja kuuona!"

Watu mia mbili wakageuka kunitazama. Mama Orpha alikuwa meza ya mbele, amevaa kitenge cha dhahabu, mgongo wake umeelekea ukutani, na juu ya kichwa chake kulikuwa na kibago kimojawapo kilichofunikwa. Alinitazama vilevile kama siku ya pini, bila ndiyo wala hapana.

"Niliuchonga vibaya," nilisema. "Haufanani na yeye. Nimeona haya uonekane, ndiyo maana umefunikwa."

Wakacheka kwa upendo. Mchungaji akasimama akapiga makofi, ukumbi mzima ukamfuata. Nikasikia mtu akisema, tazameni unyenyekevu wa fundi wa kweli. Walinipigia makofi kwa muda mrefu, na mimi nilisimama katikati ya makofi hayo nikitamani ardhi ifunguke. Mama Orpha peke yake hakupiga. Denise aliinamia sahani.

Nilipopita karibu na meza ya mbele kwenda nje, Mama Orpha akanishika mkono wa koti, akanivuta sikio lifike mdomoni mwake.

"Jumatatu, Placide. Anza na kile cha mlangoni."

"Kwa nini cha mlangoni, Mama?"

"Arlène aliingilia pale jana. Amekiona."

Nikamtazama bibi arusi. Alikuwa anakata keki, mkono wa mumewe juu ya mkono wake, wapiga picha wakimwita jina atazame huku na huku. Alitazama kila upande alikoitwa, isipokuwa upande wangu.